Maswali Yenu: Wachina wa Bangkok, Wapakistani wa Bradford na Takwimu Zisizolingana

Katika toleo lililopita tulichapisha sentensi moja kwamba wazao wa wahamiaji nchini Thailand wameshika uchumi, huku wenzao wa Uingereza wakibaki nyuma. Barua zilizofuata zimetujazia meza. Waliolalamika wana haki, kwa sababu sentensi ile iliyafunga makundi yasiyofanana katika furushi moja. Tumechagua maswali saba na kuunganisha yale yaliyorudiwa.

Swali: Takwimu za makabila za sensa ya Uingereza nimezipata bila shida. Za Thailand nimezitafuta wiki mbili, nimetoka mikono mitupu. Niziombe ofisi gani?

Hakuna ofisi yenye takwimu hizo. Sensa ya Thailand huuliza uraia, dini na lugha, na swali la asili halimo. Mjukuu wa Mteochew (Mchina wa jamii moja ya kusini mwa China) aliyezaliwa Bangkok, anayeongea Kithai na kwenda hekalu la Kibudha, huandikwa Mthai na habari inaishia hapo. Ndiyo sababu vitabu husema Wathai wenye asili ya Kichina ni asilimia 10 hadi 14 ya watu wote. Hayo ni makadirio, na hupanda au kushuka kufuatana na anayehesabiwa: mwenye babu na bibi wote Wachina, au hata mwenye babu mmoja tu aliyekuja na meli. Ukiyatumia, andika wazi kuwa ni makadirio.

Uingereza mambo ni kinyume. Tangu sensa ya 1991 kila mtu hujichagulia kisanduku cha kundi lake. Sensa ya 2021 ya England na Wales ilihesabu watu milioni 59.6. Waliojitaja kuwa Wahindi walikuwa asilimia 3.1, Wapakistani 2.7, Weusi wa asili ya Afrika 2.5, Wabangladeshi 1.1, Weusi wa asili ya Karibi 1.0 na Wachina 0.7. Takwimu ni safi, ila zina mitego miwili.

Wa kwanza ni kwamba kisanduku hakisemi mtu amefika lini. Daktari aliyetua kutoka Mumbai mwaka jana na mwanamke ambaye bibi yake alihamia Leicester mwaka 1972 wote ni "Wahindi". Ukitaka wazao peke yao, lazima ulikutanishe swali la kundi na swali la nchi ya kuzaliwa, kisha ubakize waliozaliwa Uingereza. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya huko ina ukurasa wa kujitengenezea jedwali. Chagua kundi, nchi ya kuzaliwa, umri na eneo. Ukichagua mtaa mdogo, mfumo unaweza kukunyima baadhi ya takwimu ili watu wachache wasitambulike.

Mtego wa pili ni wa Kiswahili chetu wenyewe. Tunasema "Uingereza" tukimaanisha England, na tunasema "Uingereza" tukimaanisha ufalme mzima pamoja na Scotland, Wales na Ireland Kaskazini. Takwimu za shule mara nyingi ni za England pekee, sensa tuliyoitaja ni ya England na Wales, na za utajiri wa kaya zinajumuisha Scotland pia. Katika tasnifu yako andika eneo hasa chini ya kila jedwali, la sivyo msimamizi atakurudishia.

Jambo moja zaidi kuhusu Thailand. Wamalay wa Pattani, Yala na Narathiwat, mikoa ya kusini kabisa, msiwaingize katika hesabu hii. Wao hawakuhamia popote. Mpaka ndio uliowafuata. Wasemaji wa Kilao wa Isan, kaskazini-mashariki, nao msiwaingize. Tumeona makala kadhaa zinazowaita "wahamiaji", na kosa hilo linatosha kuangusha ulinganisho wote.

Swali: Kwa nini Wachina wa Thailand walitajirika, na Wapakistani wa Bradford wakabaki na kipato cha chini? Ni utamaduni, ni dini, au ni nini?

Kabla ya utamaduni, tazama mlango ambao kila kundi liliingilia.

Siam, kama Thailand ilivyoitwa katika karne ya 19, ilikuwa na ardhi tele na watu wachache. Mthai wa kawaida alifungwa kwa bwana wake na alidaiwa miezi ya kazi ya lazima kila mwaka, kwa hiyo hakuwa huru kuzurura na biashara. Mchina alisamehewa kazi hiyo kwa kulipa kodi ya kichwa mara moja kila miaka mitatu. Akishalipa alifungwa uzi kwenye kifundo cha mkono, na fundo likapigwa muhuri wa nta. Uzi ule ulikuwa alama ya dharau, lakini pia ulikuwa pasi ya kutembea: mwenye nao alipanda mto hadi vijiji vya ndani, akanunua mpunga, akauza chumvi na nguo, na hakuna aliyemwuliza bwana wake ni nani. Wachache wakubwa walinunua kwa mfalme haki ya kukusanya kodi za kasumba, kamari na pombe. Huko ndiko mitaji ya kwanza ilikotoka, pamoja na vinu vya kukoboa mpunga.

Mwaka 1910 serikali iliwatoza Wachina kodi sawa na Wathai. Wafanyabiashara wakafunga maduka na Bangkok ikasimama kwa siku tatu. Mgomo ulishindwa, ila serikali ilijifunza ni nani anayeulisha mji.

Kilichofuata hakikuwa mteremko. Miaka ya 1930 na 1940 shule za Kichina zilifungwa, kazi kadhaa zikatengewa Wathai pekee, na baada ya vita mgao wa wahamiaji wapya kutoka China ukashushwa hadi watu 200 kwa mwaka. Lakini vita hivyohivyo vilizifunga benki za Wazungu Bangkok, na nafasi ile ikajazwa na familia za Kichina. Bangkok Bank ilianzishwa 1944, na Kasikornbank, ya ukoo wa Lamsam, 1945. Majenerali waliotawala miaka ya 1950 waliwatukana Wachina majukwaani, kisha wakaketi katika bodi za makampuni yao: jenerali alitoa ulinzi, tajiri akatoa gawio. Ukisikia mtu anasema Wachina wa Thailand walifanikiwa kwa bidii tu, mwongezee habari ya viti hivyo.

Sasa njoo Bradford, mji wa kaskazini mwa England, na uanzie kule walikotoka Wapakistani wake. Bwawa la Mangla lilijengwa katika eneo la Mirpur, Kashmir iliyo chini ya Pakistan, miaka ya 1960, likafunika vijiji na kuwahamisha watu zaidi ya 100,000. Wakati huohuo viwanda vya nguo vya Bradford, Oldham na Blackburn vilinunua mashine za bei kubwa ambazo zisingelipa bila kuzunguka usiku na mchana, na wenyeji walikuwa wanaikimbia zamu ya usiku. Mkulima wa Mirpur aliingia kwenye zamu hiyo. Aliingia kama mwajiriwa, katika tasnia inayokufa, katika mji unaotegemea tasnia hiyo moja. Viwanda vilipofungwa miaka ya 1970 na 1980, alikuwa amekwisha kununua nyumba ya bei nafuu karibu na kiwanda na kuileta familia. Nyumba haikuuzika kwa bei ya kumhamisha kwenda kwenye kazi kusini. Mtoto wake alikulia pale.

Anayetaka kujua kama ni utamaduni ajaribu kipimo rahisi: abadilishe mlango na aache mengine yalivyo. Wahindi wa Uganda waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, kama 28,000 kati yao, waliingia Uingereza wakiwa wameporwa mali. Halmashauri ya Leicester ilitangaza katika gazeti la Uganda ikiwasihi wasije, na bado walikwenda. Wengi walikuwa na Kiingereza cha shule, uzoefu wa vitabu vya hesabu na ndugu waliotawanyika nchi tatu. Hata hivyo walianzia kiwandani: mgomo wa 1974 katika kiwanda cha Imperial Typewriters, Leicester, ulianzishwa na wafanyakazi wa Kiasia waliodai kupunjwa bonasi, huku chama chao cha wafanyakazi kikiwageuzia mgongo. Ndani ya kizazi kimoja Barabara ya Belgrave ilijaa maduka yao ya dhahabu na sari. Kama bara walilotoka mababu ndilo lingekuwa sababu, Leicester na Bradford zingefanana.

Msisahau pia wasioonekana. Vibarua wengi wa Kichina walioteremka Bangkok walirudi kwao au walikufa bila mtoto wala duka. Tunaowaona leo ni wazao wa waliobaki na kufaulu. Kwa Uingereza tunawaona wote, waliofaulu na waliokwama, kwa sababu sensa inawaandika wote.

Swali: Mtoto wa mhamiaji akizaliwa huko anapata uraia papo hapo?

Si papo hapo katika nchi yoyote kati ya hizi mbili, ingawa zamani ilikuwa karibu hivyo.

Uingereza, tarehe ya kuikumbuka ni 1 Januari 1983. Aliyezaliwa pale kabla ya hapo ni raia, mradi baba hakuwa mwanadiplomasia wa nchi nyingine. Aliyezaliwa tangu siku hiyo anahitaji mzazi mmoja awe raia au mwenye ukazi wa kudumu siku ya kuzaliwa. Hapa watu wengi hukwama: kwa waliozaliwa kabla ya 1 Julai 2006, baba ambaye hakumwoa mama hakuhesabiwa. Kila mtoto husajiliwa (England na Wales ndani ya siku 42) na kupewa cheti cha kuzaliwa, lakini kwa aliyezaliwa tangu 1983 hakithibitishi uraia peke yake. Lazima kiambatane na hati ya mzazi.

Aliyekosa ana njia mbili kuu. Mzazi akipata ukazi wa kudumu baadaye, mtoto aandikishwe kabla hajatimiza miaka 18. Au mtoto akae nchini miaka 10 ya kwanza ya maisha yake, asitoke zaidi ya siku 90 katika mwaka wowote, kisha aombe kwa haki yake. Ombi la njia ya pili halina ukomo wa umri, ila linadai ushahidi wa kila mwaka: kadi ya chanjo, barua za shule, kumbukumbu za daktari. Wazazi huanza kuzitafuta mtoto akiwa na miaka 17, wakati shule ya chekechea imekwisha kufungwa. Zikusanywe tangu mwaka wa kwanza. Kufikia mwaka 2023 ada ya kuandikisha mtoto ilikuwa imepita pauni 1,000, na hiyo peke yake imewafanya baadhi ya watoto waliozaliwa London wafike utu uzima bila pasipoti.

Thailand, sheria ya 1913 ilimpa uraia mtoto aliyezaliwa kwenye ardhi ya nchi, na kwa lango hilo watoto wa Wachina wengi wakawa raia. Amri ya 13 Desemba 1972 ililifunga kwa watoto ambao wazazi wao waliingia bila kibali au kwa kibali cha muda, na iliwanyang'anya hata waliokwisha kuwa raia. Pigo kubwa liliwaangukia Wavietnamu wa kaskazini-mashariki. Sheria ya 2008 iliwarudishia haki hiyo wale walioguswa, kwa kuomba ofisi ya wilaya wakiwa na ushahidi wa kuzaliwa nchini.

Kwa mtoto wa mfanyakazi kutoka Myanmar anayezaliwa leo Samut Sakhon, mkoa jirani na Bangkok, hatua ni hizi. Hospitali hutoa karatasi ya taarifa ya uzazi. Mzazi huipeleka kwa msajili ndani ya siku 15. Msajili hutoa cheti cha kuzaliwa. Tangu 2008 cheti hicho ni haki ya kila mtoto aliyezaliwa nchini, ila cheti si uraia. Kinachoharibika ni hatua ya pili: mzazi ambaye kibali chake kimekwisha huogopa kwenda ofisini, karatasi ya hospitali ikapotea, na miaka 15 baadaye mtoto anatafuta mashahidi wa kuzaliwa kwake. Kitambulisho cha Thailand kina tarakimu 13, na ya mwanzo husema hali ya mtu: aliyezaliwa raia na kusajiliwa kwa wakati tangu 1984 huanza na 1, na asiye na hadhi yoyote ya usajili huanza na 0. Ofisa wa benki huitazama tarakimu hiyo kabla hajatazama jina.

Oktoba 2024 baraza la mawaziri liliidhinisha njia ya mkato kwa watu karibu 483,000 waliokaa nchini muda mrefu bila uraia, pamoja na watoto wao waliozaliwa hapo. Wengi ni wa jamii za milimani na mipakani. Vibarua wenye vibali vya muda hawamo.

Swali: Nitumie mshahara au mali? Nimeona makala mbili kuhusu kundi lilelile zikitoa majibu tofauti.

Tumia vyote viwili na uvitenganishe, maana mshahara ni habari ya mwaka huu ilhali mali husimulia miaka 50. Katika utafiti wa utajiri wa kaya wa 2016 hadi 2018, ukizipanga kaya zote za kundi kutoka maskini hadi tajiri, kaya ya katikati ya Waingereza weupe ilikuwa na pauni 314,000. Ya Weusi wa asili ya Afrika ilikuwa na pauni 34,000. Pengo la mishahara ya makundi hayo halikaribii ukubwa huo. Sehemu kubwa ya tofauti ni nyumba: England, katika miaka hiyohiyo, asilimia 68 ya kaya za Waingereza weupe ziliishi katika nyumba zao wenyewe, Wahindi 74, Wapakistani 58, Wabangladeshi 46, Weusi wa asili ya Karibi 40, na wa asili ya Afrika 20. Aliyenunua London miaka ya 1970 alibebwa na bei. Aliyefika miaka ya 1990 alizikuta bei zimekwisha ondoka.

Tazameni Wapakistani hapo: umiliki wa nyumba wa asilimia 58 pamoja na umaskini mkubwa wa kipato. Nyumba ya Bradford ni mali, lakini haina thamani ya nyumba ya Harrow, London. Mkichukua umiliki kama kipimo cha ustawi bila kuweka bei ya eneo, mtapotoka.

Makosa mengine tunayoyaona katika rasimu mnazotutumia:

Wastani wa kawaida badala ya thamani ya katikati. Thailand familia chache zinamiliki mabenki, viwanda vya bia na maduka makubwa. Ukigawanya utajiri wao kwa kila mwenye babu Mchina, muuza tambi wa Yaowarat, mtaa wa Wachina wa Bangkok, anakuwa milionea kwenye karatasi.

Kaya badala ya mtu. Kaya ya Kibangladeshi mara nyingi ina watu wengi zaidi na wenye mshahara wachache zaidi. Gawanyeni kipato kwa ukubwa wa kaya kwanza.

Umri. Kundi lenye vijana wengi huonekana maskini hata kama kila kijana analipwa sawa na mwenzake wa umri uleule.

Na shule huchelewa kuonekana kwenye mshahara. Wanafunzi wa Kibangladeshi wa England sasa wanawapita Waingereza weupe katika mitihani ya miaka 16, na wa Kichina na Kihindi wako juu zaidi. Lakini mwenye miaka 50 leo alisoma wakati mambo yalikuwa kinyume, na yeye ndiye anayeivuta takwimu ya mapato chini.

Swali: Kwa nini majina ya ukoo ya matajiri wa Thailand ni marefu hivyo?

Kwa sababu ya sheria. Majina ya ukoo yaliamriwa mwaka 1913, na familia zisizo na undugu haziruhusiwi kutumia jina moja. Wathai wa mwanzo walichukua mafupi. Wachina walitumia jina la ukoo wao likitanguliwa na neno "sae", na walipolibadilisha miongo kadhaa baadaye walikuta mafupi yamekwisha. Ukoo wa Thaksin Shinawatra, waziri mkuu wa 2001 hadi 2006, ulikuwa Saekhu hadi mwaka 1938. Watafiti hulitumia jina refu kama dalili ya asili ya Kichina mahali ambapo sensa imenyamaza. Dalili hiyo ina makosa, maana Wavietnamu na watu wa milimani waliopewa uraia karibuni nao wana majina marefu, na mwanamke akiolewa anaweza kubadilisha.

Hilo la majina ndilo linaloficha tofauti ya siasa pia. Rishi Sunak alipoingia Downing Street kama waziri mkuu wa Uingereza Oktoba 2022, magazeti ya dunia yaliandika habari ya asili yake ya Kihindi. Baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika. Thailand mawaziri wakuu wenye babu Mchina ni wengi mno kuwa habari. Mmoja wao, Abhisit Vejjajiva, alizaliwa Newcastle mwaka 1964, na wapinzani wake walimshambulia kwa uraia wa Uingereza aliopewa na sheria ya mahali pa kuzaliwa. Babu zake Wachina hawakumletea taabu.

Swali: Na Waingereza wanaoishi Thailand, au Wathai wa Uingereza? Kwa nini msilinganishe hao?

Mnaweza, ila hamtapata wazao wengi. Waingereza wa Thailand wengi ni wastaafu. Kibali chao cha mwaka kinadai umri wa miaka 50 au zaidi na baht 800,000 benki, au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi. Hawaruhusiwi kumiliki ardhi; wanaweza kumiliki chumba cha ghorofa, mradi wageni wasizidi asilimia 49 ya eneo la jengo. Pensheni yao ya serikali ya Uingereza huganda pale walipohamia: haiongezwi kila mwaka kama ya aliyebaki nyumbani. Aliyefika na miaka 66 akiwa na nafasi anaweza kujikuta na miaka 80 hakitimizi tena kile kipato cha mwezi.

Wathai wa Uingereza wengi ni wanawake waliokwenda kwa ndoa, na kituo chao maarufu ni hekalu la Buddhapadipa, Wimbledon. Watoto wao hujaza kisanduku cha mchanganyiko au cha "Waasia wengine", kwa hiyo katika jedwali la kawaida hawaonekani.

Swali: Nina miezi mitatu na maneno 10,000. Mngeniambia nichague makundi gani mawili?

Acha matajiri wa Bangkok, wameandikwa vya kutosha. Chukua Wahindi wa Uganda wa Leicester na Wavietnamu wa Udon Thani na Nakhon Phanom, kaskazini-mashariki mwa Thailand.

Wote ni wakimbizi waliofika kwa mkupuo. Wavietnamu walivuka mto Mekong kutoka Laos mwaka 1946, jeshi la Ufaransa lilipourudia mji wa Thakhek. Wahindi walitua mwaka 1972. Wote waliishia kwenye biashara ndogo: vitambaa, vyakula, ufundi. Tofauti ni karatasi. Wengi wa Leicester walishuka ndegeni na pasipoti za Uingereza, wakaweza kupiga kura, kuomba mkopo na kuhama mji. Wa Udon Thani walihesabiwa kama tishio la kikomunisti, walihitaji kibali ili kutoka nje ya mkoa, na wajukuu zao wengi walipata uraia miaka ya 1990 na baadaye. Hapo una jaribio la uraia unavyofanya kazi, kwa makundi yanayokaribiana kwa mengine.

Kwa upande wa Leicester tumia jedwali la sensa tulilolieleza. 2021 Waasia wa mji huo walikuwa asilimia 43.4 na weupe 40.9. Kwa Udon Thani huna jedwali, kwa hiyo panga vizazi kwa tarehe ya uraia badala ya tarehe ya kuzaliwa, na uulize mambo matatu kwa kila familia: duka liko kwa jina la nani, mtoto wa kwanza kwenda chuo kikuu alikwenda mwaka gani, na ni nani wa kwanza kuajiriwa serikalini. Swali la duka liulize mwisho. Kwa miaka mingi mali iliandikwa kwa jina la jirani Mthai au mkwe, na mtu hafungui siri hiyo kwa mgeni aliyekaa nusu saa.